Darasa la hadithi la Jumamosi, Makadara: tathmini ya mlinzi wa usiku

Nimemaliza mihula miwili katika darasa hili la kuandika hadithi na nimeshalipia wa tatu, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona mwenyewe. Ada ni shilingi 500 kwa Jumamosi moja, au 3,600 ukilipia Jumamosi zote nane kwa pamoja, kwa M-Pesa. Mnaanza saa tatu asubuhi, mnamaliza saa sita na nusu. Chumba kiko Makadara, Nairobi, ghorofa ya kwanza, si mbali na Barabara ya Jogoo, juu ya karakana ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Chai ya maziwa na mandazi mawili yamo ndani ya ada. Daftari na kalamu unajiletea.

Mimi ni mlinzi katika nyumba za kupanga Kilimani, mwaka wa kumi na moja sasa katika kazi hii. Kwetu ni Msambweni, Pwani. Zamu yangu huingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi nikikabidhi lango nanawa uso kwenye bomba la bustani, napanda matatu ya 46 hadi mjini, kisha 58 ya Buruburu, na kwenye hiyo ya pili nalala kidogo. Nayaeleza haya kwa sababu wenzangu wawili wa zamu wameniuliza kama darasa hili linamfaa mtu anayekesha. Linafaa. Mwalimu mwenyewe huja na macho mekundu.

Jina lake silitaji. Aliniomba hivyo kwa sababu ya ajira yake, nami ombi hilo naliheshimu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mzaliwa wa Kayole, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari msingi huko huko Eastlands, mashariki mwa jiji. Aliingia kazini mwaka 2023, sekondari msingi zilipoanza, akiwa mwanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hadithi zake fupi nne zimeshachapishwa, tatu katika majarida ya mtandaoni na moja katika mkusanyiko. Kitabu chake mwenyewe bado hana. Muswada wa riwaya anao. Wachapishaji wawili wameukataa na sasa yumo katika kuuandika mara ya tano. Mambo haya alitueleza siku ya kwanza, kabla hatujamwuliza na kabla hatujalipa. Alisema mtu anayetoa pesa zake ajue anajifunza kwa nani.

Nilipenda sana kuambiwa hivyo. Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa nimelipia kozi ya uandishi ya mtandaoni, shilingi 6,500, yenye video kumi na mbili na cheti. Niliangalia video zote langoni, usiku, sauti chini. Kazi tatu nilizotuma hakuna mtu aliyezifungua. Kwenye mfumo wao ilionekana kabisa kwamba hazijafunguliwa. Cheti kilikuja hata hivyo, kikanipongeza kwa bidii yangu. Nakitaja ili mjue nilikotoka nilipoingia kwenye chumba kile cha Makadara. Nilikuwa na njaa ya kusomwa.

Hapa unasomwa. Hilo ndilo unalolipia, na ningetaka mtu alielewe kabla ya kuja, kwa sababu wapo waliokuja wakitafuta mbinu za kupata mchapishaji na wakaondoka wiki ya tatu.

Mambo huenda hivi. Kila mtu huleta ukurasa mmoja, si zaidi, hata kama ni mwandiko wa mkono. Unasoma kwa sauti, umekaa. Ukimaliza, hakuna anayesema kitu kwa dakika nzima, na Mwalimu huitazama saa yake kweli. Kisha kila mmoja anasema alichokiona. Hasemi kama ni kizuri au kibaya, anasema alichokiona tu: ndoo, mlango, mzee anayekohoa. Kama hakuna aliyeona kitu, utajua mwenyewe. Baada ya hapo Mwalimu huchukua kurasa zote kumi na nne, anakwenda nazo nyumbani, na Jumamosi inayofuata anazirudisha zikiwa na swali moja kwa penseli chini ya kila ukurasa. Swali moja tu. Sijawahi kuona akiandika mawili.

Muhula wa kwanza, siku ya kwanza, alitupa dakika kumi tuandike mwanzo wa hadithi yoyote. Tuliposoma, tisa kati yetu tulikuwa tumeanza na asubuhi. Jua lilikuwa linachungulia kutoka mashariki. Nilirauka alfajiri na mapema. Ndege walikuwa wakitumbuiza kwa nyimbo zao tamu. Mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alianza na wahenga wasioambulia patupu waliponena. Mwalimu hakucheka, wala hakuruhusu mtu acheke. Alituuliza kila mmoja alipata ngapi katika insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani wenyewe umekwisha, wa mwisho ulifanywa 2023, lakini hakuna aliyekuwa amesahau. Insha ilikuwa na alama 40. Mimi nilipata 36, mwaka 1998, na mwalimu wangu wa Msambweni alinibeba begani mbele ya gwaride. Mama wa Gikomba alikuwa na 34. Kijana mmoja wa bodaboda alisema 38 na chumba kizima kikageuka kumtazama.

Akatuambia maneno yale tuliyakariri kwa sababu yalilipa. Mtahini alikuwa na mamia ya karatasi mbele yake na alihitaji kitu cha kuwekea alama: methali hapa, nahau pale, tashbihi moja, mwandiko safi. Tukampa alichokitaka. Kisha tukakua, tukaendelea kumwandikia mtahini yule yule, naye hayupo tena. Akatoa kwenye mkoba wake daftari ambamo hunakili sentensi kutoka insha za wanafunzi wake. Ana mikondo mitatu ya watoto sitini na zaidi, hivyo kila baada ya wiki mbili husahihisha insha zaidi ya mia na themanini. Katika hizo, anasema, mara nyingi kuna mstari mmoja au miwili ambayo mtoto amejisahau akaandika jambo alilolishuhudia. Alitusomea mmoja, wa msichana wa darasa la saba: "Mama akikasirika huosha vyombo vilivyo safi."

Sentensi hiyo sikuiacha njiani. Nilirudi nayo Kawangware, nikalala nayo, nikaenda nayo zamu.

Kuna jambo ambalo sikukubaliana naye, na mpaka leo tunalijadili. Mimi nimelelewa na bibi aliyezungumza kwa methali kutwa, na sikutaka kusikia kwamba methali ni uchafu wa kufagiliwa. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzangu. Akafikiri, kisha akanijibu: "Kaka, methali mdomoni mwa bibi yako ilikuwa yake. Kwenye ukurasa wako ilikuwa ya mtahini. Mlete bibi aiseme mwenyewe." Nimemleta, katika hadithi ya pili, na methali yake moja imebaki. Lakini bado naona Mwalimu ana mkono mzito katika jambo hili. Wapo watu wa Pwani, na wa Unguja, na wa Lamu, ambao lugha ya mapambo ndiyo lugha yao ya sokoni, hawakuikariri popote. Mwalimu aliyekulia Kayole akisikia pambo husikia shule. Mimi nikilisikia nasikia baraza. Ukitoka Pwani ukajiunga na darasa hili, jiandae kulitetea sikio lako.

Wiki ya pili aliandika miaka mitano ubaoni: 2002, 2003, 2014, 2018, 2022. Ndiyo miaka ambayo Wakenya wameshinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika. Binyavanga Wainaina, Yvonne Adhiambo Owuor, Okwiri Oduor, Makena Onjerika, Idza Luhumyo. Niliposikia jina la mwisho niliketi wima, maana Idza ni mtu wa Pwani kama mimi. Mwalimu anawaheshimu wote watano na anaeleza vizuri jinsi ushindi wa mwaka 2002 ulivyofuatwa na kuanzishwa kwa jarida la Kwani? hapa Nairobi mwaka uliofuata, na jinsi waandishi wengi walivyopata pa kuanzia. Halafu akauliza hadithi hizo zote tano ziliandikwa kwa lugha gani. Kiingereza. Akauliza nani kati yetu huota kwa Kiingereza. Hakuna aliyeinua mkono. Akatueleza kuhusu tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Akaongeza kwamba ndiyo anayoiandikia riwaya yake, na kwamba kama hataishinda atakuwa angalau amemaliza riwaya. Alilisema hilo kwa utulivu, huku akifuta ubao.

Njiani kwenda darasani, gari letu hupita Barabara ya Landhies, karibu na Muthurwa, pale ambapo Ken Walibora aligongwa na matatu Aprili 2020. Alikuwa mwandishi wa Kiswahili, mwalimu na mtangazaji, na watoto wa shule nchi nzima walimsoma. Mwalimu wetu alimsoma akiwa kidato cha kwanza, na anasema ndiye mtu wa kwanza aliyemfanya ajue kwamba kitabu huandikwa na mtu anayepanda matatu. Tangu aniambie hivyo, hata nikiwa nimesinzia, gari likifika Muthurwa hufungua macho.

Sasa nieleze kilichonipata mimi, kwa sababu bila hilo tathmini hii haina uzito.

Mlinzi anaandika kila usiku. Watu hawalijui hilo. Tuna kitabu cha matukio, na kila saa lazima uandike. Saa nne, hali shwari. Saa tano, hali shwari. Gari la nyumba nambari tisa limeingia, hali shwari. Nikipiga hesabu, maneno hayo mawili nimeyaandika zaidi ya mara elfu thelathini. Nilipomweleza Mwalimu, aliweka kikombe chini akaniuliza kama kuna usiku niliyaandika na hayakuwa kweli.

Ulikuwepo. Ilikuwa Julai, miaka kadhaa iliyopita, katika ploti nyingine niliyoilinda kabla ya hii. Saa tisa usiku mama mmoja alishuka ngazi na watoto wawili, mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono, na kichwani godoro la futi tatu lililokunjwa na kufungwa kwa leso. Amri ya ploti ni kwamba mali ya nyumba haitoki usiku bila barua ya msimamizi. Amri hiyo nimeikuta kila ploti niliyolinda. Ni ya kuzuia mpangaji kuhama na deni la kodi. Nikamwambia godoro haliwezi kutoka. Hakubishana nami. Alilitua, akaifungua ile leso, akamfunika nayo yule mtoto wa kutembea, akapita. Nikafunga lango. Nikaandika: "Saa tisa na dakika kumi. Mama wa nyumba nambari nne ametoka na watoto wawili. Hali shwari."

Hadithi niliyoileta darasani mara ya kwanza haikuwa hiyo. Ilikuwa na mume mlevi, kipigo, mama kurudi kijijini, chama cha akina mama kumkopesha, mkahawa wake kustawi, na mume kuja kupiga magoti. Iliishia na methali. Niliiandika zamu nne kwa mwanga wa tochi ya simu na niliionea fahari. Nilisoma ukurasa wa kwanza, ile dakika ya kimya ikapita, na walichokiona wenzangu wote kilikuwa kimoja: godoro. Mume hawakumwona. Mkahawa, nilipowasimulia, hawakuuona. Jumamosi iliyofuata ukurasa ulirudi na swali la penseli: "Godoro lilienda wapi?"

Nilikasirika. Niliona kama hakuelewa hadithi ilikuwa ya nini. Wiki tatu nilizunguka swali hilo. Niliandika godoro limechukuliwa na msimamizi. Niliandika limerudishwa kwa mume. Kila mara swali lilirudi vile vile, kwa mwandiko ule ule mdogo, halina mshangao wala mstari chini yake. Wiki ya nne niliandika jibu.

Lilibaki kibandani. Baridi ya Julai ya Nairobi mnaijua, inaingia kupitia kiatu. Ilipofika saa kumi nililikunjua lile godoro, nikalikalia, sehemu iliyobaki nikaipindua juu ya miguu yangu. Lilikuwa na harufu ya mafuta ya mtoto. Nilikaa hivyo hadi alfajiri, na nilipata joto. Mlinzi wa mchana alipokuja akaniuliza ni la nani, nikamwambia limeokotwa.

Niliposoma ukurasa huo, dakika ile ilikuwa ndefu. Chini, mafundi walikuwa wanakata bomba na cheche zilionekana kwenye kioo cha dirisha. Mama wa Gikomba alisema: "Mimi nimeona leso." Hakuongeza neno, na sikuhitaji aongeze.

Wiki iliyofuata Mwalimu alinirudishia kazi hiyo na swali jipya. Aya ya mwisho nilikuwa nimeeleza majuto yangu, mistari kumi na miwili, jinsi nilivyojilaumu na ninavyomwomba Mungu anisamehe. Alikuwa ameandika pembeni: "Msomaji ameshakaa juu ya godoro na wewe. Aya hii ni ya nani?" Sikuifuta siku hiyo. Niliifuta mwezi baadaye, usiku, langoni, nikasoma tena bila hiyo aya na nikalazimika kusimama nikatembea mpaka kwenye ukuta na kurudi.

Jambo jingine la ukurasa huo huo ni la lugha, na nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndipo nilipouona uwezo wa Mwalimu huyu. Katika nakala ya kwanza yule mama alisema: "La hasha, ewe bawabu, niruhusu niende zangu." Mwalimu aliniuliza alisema nini kweli. Alisema: "Sawa, soja. Wacha ikae." Ikae! Godoro! Mtu wa Msambweni hawezi kuandika hivyo. Godoro likae, si ikae. Nilikuwa nimemsahihisha bila kujijua. Mwalimu, ambaye kutwa anasahihisha upatanisho wa ngeli katika madaftari ya watoto, akaniambia niyaache maneno yake yalivyo, kwani mwanamke aliyevunjiwa nyumba saa tisa usiku tusimvunje na sarufi. Akatueleza anavyogawa kalamu zake: nyekundu ni ya shule, penseli ni ya hadithi, na hajawahi kuzichanganya. Katika nakala ya mwisho mimi msimulizi nasema "godoro lilibaki", naye mama anasema "wacha ikae". Sentensi hizo mbili ziko karibu karibu, na ukizisoma unasikia watu wawili waliotoka mahali tofauti.

Mwalimu naye husoma kazi yake. Kila Jumamosi ya nne analeta ukurasa wake mwenyewe, anakaa kiti chetu, na sisi tunakaa kimya dakika moja kisha tunasema tulichokiona. Riwaya yake inamhusu msichana anayesukuma mkokoteni wa maji, mitungi ya lita ishirini, katika mitaa ambayo mabomba hutoa maji siku mbili kwa wiki. Mara moja alisoma ukurasa ambao hakuna aliyeona kitu. Alitusubiri. Kijana wa bodaboda alijaribu kumsaidia, akasema ameona mkokoteni, lakini ilijulikana wazi kwamba ni kwa kuwa alijua upo. Mwalimu aliandika kitu kwenye kaunta buku yake, akasema asante, akaendelea na mtu mwingine. Baadaye aliniambia ukurasa huo aliuandika usiku baada ya kusahihisha, kinyume na kawaida yake ya kuamka saa kumi alfajiri na kuandika mpaka saa kumi na moja na nusu kabla ya kwenda shule. "Ulikuwa na uchovu wa watoto mia na themanini ndani yake," alisema. Alipousoma tena wiki nne baadaye, tuliona viganja vya yule msichana, na kitambaa alichokizungusha kwenye mpini wa mkokoteni, na fundo lake.

Nije kwenye kasoro, maana zipo.

Kelele. Karakana ya chini haina siku ya mapumziko, na jiwe la kusagia chuma likianza, msomaji lazima anyamaze asubiri. Watu wenye sauti ndogo wanaumia. Mwalimu anasema kodi ya chumba tulivu ingepandisha ada hadi 900, na tulipopiga kura tuliamua kubaki. Mimi nilipiga kura ya kubaki, lakini sitamwambia mtu kwamba kelele ni kitu kidogo.

Wakati wa mitihani ya shule kurasa huchelewa. Muhula wa pili, wiki ya sita na ya saba, hakurudisha chochote, na Jumamosi moja hakuja kabisa. Ujumbe ulifika saa tatu kasoro dakika tano, wakati mimi nilikuwa nimeshashuka Jogoo Road. Alirudisha ada ya siku hiyo kwa kila mmoja bila kuombwa. Hata hivyo nauli na usingizi havikurudi. Nimemwambia ana kwa ana na naandika hapa kwa idhini yake: akijua shule imembana, atangaze jioni iliyotangulia.

Ile kanuni ya kusoma kwa sauti inamshinda mtu mwenye haya nyingi. Dada mmoja, mhudumu wa duka la dawa, alisoma mara moja, mikono ikitetemeka, na hakurudi. Ukurasa wake ulikuwa mzuri, kuhusu mzee anayenunua dawa ya presha kidonge kimoja kimoja. Nadhani angeruhusiwa kusomewa na mtu mwingine tungekuwa naye bado. Mwalimu amesema atalifikiria. Mimi ningependa afikie uamuzi.

Na kama nilivyodokeza, kuhusu kuchapisha utapata kidogo. Atakueleza kwamba nambari ya ISBN hapa kwetu hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa na kwamba hakimiliki husajiliwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Atakwambia pia ukweli ambao kila mwandishi wa Kiswahili Kenya anaujua: soko kubwa ni la shule, na mchapishaji akipokea muswada hufikiria kwanza kama utaingia darasani. Zaidi ya hapo hana, naye hajifanyi kuwa nacho.

Kitu kimoja ambacho hakimo kwenye ada lakini kimenifaa sana: kati ya wiki na wiki anatutuma maktaba. Kwa walio karibu ni Maktaba ya Makadara, ambayo pamoja na ile ya Kaloleni ni matawi ya McMillan huku Eastlands. Mimi hupitia McMillan yenyewe, Mtaa wa Banda, nikirudi. Jengo lile lilifunguliwa 1931 na enzi za ukoloni lilikuwa la Wazungu peke yao. Nilikuwa nimepita mbele ya simba wale wawili wa mawe kwa miaka mingi nikidhani ni ofisi ya serikali. Siku ya kwanza niliingia na sare yangu ya kazi chini ya koti, nikaketi kwenye meza ya mbao, na mlinzi wa pale akanisalimia kama wasalimianavyo walinzi, kwa kichwa tu. Nilisoma saa moja na nusu. Sasa huenda karibu kila Jumamosi.

Kwa nyota natoa nne kati ya tano. Iliyobaki ni ya kelele na ya ile Jumamosi ya nauli. Darasa linamfaa mtu ambaye ana jambo na yuko tayari kuulizwa. Ukitaka kusifiwa, au kuandika kurasa ishirini kwa wiki, hutakaa. Mihula hufuata kalenda ya shule kwa sababu Mwalimu naye huifuata, kwa hiyo shule zikifunguliwa, darasa hufunguliwa Jumamosi ya pili. Nafasi ni kumi na nne na hazizidi, kwa sababu ndizo kurasa anazoweza kuzisoma vizuri ndani ya wiki moja.

Hadithi yangu imefikia kurasa tano. Juzi, kabla ya zamu, nilimsomea mke wangu kwa simu, yeye yuko nyumbani Msambweni. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya kibanda, taa za barabarani bado hazijawaka. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akauliza kama tulivyozoea darasani, ingawa hajawahi kufika darasani: "Na wale watoto, walilala wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimeliandika swali lake chini ya ukurasa wa tano, kwa penseli.